Tumtambue Mbwa wa Kazi kwa Umbo Lake

(Maelezo yaliyotolewa mjini Kigali mbele ya wawakilishi wa jamii za mipakani)

 

Leo sikuja kuzungumzia sheria mpya wala adhabu. Nimekuja kuzungumzia mnyama, na hasa sura yake: kichwa chake, masikio yake, manyoya yake na mkia wake. Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba ofisa wa polisi amewaita watu wazima ili awaeleze namna mbwa alivyoumbwa. Naomba mnivumilie nianze kwa kisa kimoja, ndipo mtakapoona kwa nini jambo hili si dogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kituo kimoja cha mpakani, ambacho leo sina haja ya kukitaja. Ilikuwa asubuhi, na foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja wa makamo alikuwa anakaribia, beseni la nyanya kichwani na mjukuu mgongoni. Mbele yake alisimama askari aliyeshika kamba, na mwisho wa kamba ile alikuwapo mbwa mnene wa rangi ya manjano, ulimi nje. Mama yule alimwona, akasimama, kisha akageuka na kukimbia. Beseni lilianguka. Kwa kuwa mtu anayekimbia ukaguzi hutiliwa shaka, askari wawili walimfuata. Walipomfikia hawakukuta chochote cha magendo. Walikuta nyanya zilizobaki na mtoto anayelia. Mama alipopata pumzi alisema neno moja tu: “Mwanangu, sikumkimbia askari. Nimemkimbia mbwa.”

Niliinama kumsaidia kuokota. Zaidi ya nusu ya nyanya zilikuwa zimepondeka chini ya miguu ya watu, na pamoja nazo riziki yake ya siku ile. Mama yule hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumweleza mbwa yule ni nani, yuko pale kwa sababu gani, na mtu anayekutana naye afanye nini. Tangu siku ile nimeamini kwamba maelezo ni sehemu ya ulinzi kama ulivyo ukaguzi wenyewe.

Ndugu zangu, hofu ya mbwa katika nchi yetu ina historia, na si vyema kuicheka. Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, wako waliojificha vichakani na katika mafunjo ambao kwao sauti ya mbwa ilimaanisha kwamba wauaji wamekaribia. Mbwa walioachwa bila wenyewe walikula miili ya waliouawa, na kwa sababu hiyo wengi wao walipigwa risasi. Kwa muda mrefu baada ya hapo mbwa walikuwa nadra kuonekana, hata hapa Kigali. Mtu aliyepitia hayo akimwona mbwa na kutetemeka, haonyeshi udhaifu wala hatia. Anabeba kumbukumbu. Wajibu wetu sisi wenye sare ni kulijua hilo kabla ya kumshuku.

Hata hivyo, mbwa wamerudi katika maisha yetu kwa kazi nyingine. Anayekwenda uwanja wa ndege wa Kanombe huteremka garini, mizigo ikapangwa mstarini, na mbwa akapita akinusa. Polisi ya Rwanda ina kikosi cha mbwa, Tanzania wana Kikosi cha Mbwa na Farasi, na katika bandari ya Mombasa mbwa wamefunzwa kugundua pembe za ndovu zinazofichwa ndani ya makontena. Kwa hiyo yeyote anayeishi kwa kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki, leo au kesho, atakutana na mbwa wa kunusa. Katika aina za mbwa wanaopewa kazi hiyo duniani kote, mmoja hujulikana sana, naye ndiye yule aliyemkimbiza mama wa nyanya: Labrador. Mbwa huyu yumo katika kundi la mbwa waliokuzwa ili kumletea mwindaji ndege aliyempiga.

Asili yake itawapendeza hasa ninyi wa mwambao wa Ziwa Kivu, kwa maana mababu wa mbwa huyu walikuwa mbwa wa wavuvi. Walitoka kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada, mahali penye bahari ya baridi kali. Waliwasaidia wavuvi kuvuta kamba za nyavu na kuwafuata majini samaki waliochomoka kwenye ndoana. Katika karne ya 19 walivushwa kwa meli hadi Uingereza, wakakuzwa na matajiri waliopenda kuwinda ndege, na mwaka 1903 chama cha wafuga mbwa cha Uingereza kikamtambua rasmi kuwa aina inayojitegemea. Tukiikumbuka kazi ile ya majini, tutaelewa kila kiungo chake. Wahenga wetu walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu tunaweza kusema ameumbwa kwa ajili ya maji na ufuko pia.

Tuanze na kimo. Dume la Labrador husimama takriban sentimita 56 hadi 57 kutoka ardhini hadi mabegani, na jike hupungua kidogo. Akisimama kando ya mtu mzima, mgongo wake hufika juu kidogo ya goti. Uzito wa dume kwa kawaida ni kati ya kilo 29 na 36, yaani pungufu ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Si mbwa mrefu mwembamba kama wale wanaozagaa sokoni. Kifua chake ni kipana na chenye kina, mbavu zake zimeviringana kama pipa, shingo ni nene na mapaja yana nguvu. Umbo hilo humwezesha kutembea katika foleni za mizigo saa nyingi, kama lilivyomwezesha babu yake kushindana na mawimbi.

Kichwa chake ni kipana. Kipaji cha uso kinashuka waziwazi hadi kukutana na mdomo, na mdomo wenyewe si mfupi wala haukuchongoka. Taya zina nguvu, lakini mbwa huyu alichaguliwa kizazi baada ya kizazi ili abebe ndege mdomoni bila kumchubua. Nayasema haya ili mfahamu kwamba waliomkuza walitafuta mdomo wa kubeba, hawakutafuta mdomo wa kurarua.

Tazameni sasa pua, kwa maana ndiyo iliyompatia ajira. Ni pana, na mianzi yake imefunguka vizuri. Kando ya kila tundu kuna mpasuko mdogo. Mbwa anapotoa pumzi, hewa hupitia kwenye mipasuko hiyo ya pembeni, na harufu mpya iliyo mbele yake haipeperushwi. Ndani ya pua ya mbwa inakadiriwa kuwamo chembe za kupokea harufu zaidi ya milioni 200, ilhali binadamu anazo kama milioni 5 au 6 tu. Kwa hiyo mbwa akiupitia mzigo wako haraka na kuendelea, msidhani amefanya kazi kwa ulegevu. Amekwisha kusoma.

Masikio ni alama ya kwanza ya kumtambua kwa mbali. Hayasimami. Yamelala, yakining'inia karibu na mashavu, na yameota nyuma kidogo ya kichwa. Si makubwa wala mazito. Alama hii ndogo ina uzito mkubwa katika kazi ya kuhudumia watu. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa usafiri nchini Marekani ilieleza kwamba hupendelea mbwa wa masikio yaliyolala katika viwanja vya ndege, kwa kuwa hawawatii abiria wasiwasi na hawawaogopeshi watoto kama wanavyofanya mbwa wa masikio yaliyosimama. Nanyi mnaweza kujipima. Mchungaji wa Kijerumani na Malinois wa Ubelgiji, ambao pia hutumiwa sana na polisi duniani, wana masikio yaliyochongoka kama ncha za mkuki, na moyo wa mtazamaji hushtuka kabla ya akili kufikiri.

Macho yake ni ya ukubwa wa wastani, rangi ya kahawia. Wanaoandika sifa rasmi za aina hii husisitiza kwamba macho hayo yaonyeshe akili na tabia njema. Mtu hawezi kumkagua kila mbwa machoni, na wala sishauri mtu amkodolee macho mbwa asiyemjua. Nawaeleza tu kwamba hata utulivu wa uso wake ni jambo lililotafutwa na waliomkuza.

Sasa manyoya na rangi. Manyoya ya Labrador ni mafupi, yamesongamana, hayana mawimbi wala vishungi, na ukiyagusa yanakwaruza kidogo. Chini yake kuna tabaka jingine laini linalozuia maji na baridi. Rangi zinazotambuliwa ni tatu: nyeusi, ya manjano na ya kahawia iliyoiva. Manjano yenyewe huanzia weupe wa maziwa hadi wekundu wa udongo wa vilima vyetu. Doa dogo jeupe kifuani huruhusiwa.

Kuhusu rangi, naomba tusahihishe imani moja. Nimewasikia watu wakisema mbwa mweusi ni mkali na ana mkosi, ila yule wa manjano ni mpole. Ukweli ni kwamba mama mmoja wa Labrador anaweza kuzaa watoto weusi na wa manjano siku moja, kutoka tumbo moja. Hapo zamani weusi ndio waliopendwa. Wa manjano wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu, aliyeitwa Ben of Hyde, alizaliwa mwaka 1899. Rangi ni urithi wa damu tu. Haisemi lolote juu ya tabia ya mbwa, kama isivyosema lolote juu ya tabia ya binadamu. Sisi wa nchi hii tumelipa gharama kubwa mno kwa kuwahukumu watu kwa maumbile yao. Tusiurudishe ujinga ule hata kwa mnyama.

Miguu yake imenyooka, nyayo ni za mviringo na nene, na kati ya vidole kuna ngozi inayomsaidia kuogelea, inayofanana na ya bata. Na mwisho ni mkia, alama ya pili ya kumtambua. Ni mnene sana mahali unapoanzia, kisha hupungua polepole hadi ncha, na umefunikwa pande zote na manyoya mafupi mazito, hata ukaonekana wa mviringo. Wataalamu huufananisha na mkia wa fisi maji, na wavuvi wa maziwa yetu waliowahi kumwona fisi maji wataelewa mara moja. Majini mkia huo humsaidia kugeuka, kama usukani wa mtumbwi.

Yupo ndugu yake ambaye huchanganywa naye, aitwaye Golden Retriever, aliyekuzwa huko Scotland katika karne hiyohiyo ya 19. Rangi zao zinaweza kulingana kabisa. Tofauti iko katika manyoya: Golden ana manyoya marefu, yenye vishungi nyuma ya miguu, kifuani na chini ya mkia. Labrador hana vishungi popote.

Kwa nini nimewapitisha katika viungo hivi vyote? Kwa sababu mbwa wengi wa kienyeji katika vijiji vyetu nao wana manyoya mafupi ya manjano au kahawia, na kwa mbali mtu anaweza kukosea. Kosa linaweza kuwa la namna mbili. La kwanza ni lile la mama wa nyanya: kumkimbia mbwa wa kazi kana kwamba ni mbwa mkali wa mtaani. La pili ni la hatari zaidi: mtoto aliyemzoea mbwa mpole wa kituoni akaenda kumshika mbwa koko mwenye rangi ileile. Mbwa koko anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwenye kifo. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji na sabuni kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo bila kungoja aone kama ataugua.

Kwa hiyo umbo peke yake halitoshi. Zitafuteni alama tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni umbo nililolieleza: masikio yaliyolala, mwili uliojaa, mkia mnene. Ya pili ni kamba au mkanda wa kifuani. Ya tatu, nayo ni kubwa kuliko zote, ni askari au ofisa aliyeishika kamba hiyo. Mbwa asiye na mtu mwishoni mwa kamba si wa kusogelewa, hata awe na sura nzuri namna gani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Neno hilo linawahusu pia wale ambao hawana hofu kabisa. Sura ya upole haikupi ruhusa ya kumpapasa mbwa aliye kazini. Ukimpa andazi au ukimwita kwa mluzi, unamwondoa katika kazi aliyofunzwa kwa muda mrefu. Ukitaka watoto wamwone kwa karibu, mwombe askari anayemwongoza. Akikataa, usiudhike, huenda kazi haijaisha.

Wazee wangu wa Kiislamu, wa Rubavu, wa Rusizi na wa hapa Nyamirambo, wana swali la haki kuhusu unyevu wa pua na mate ya mbwa, kwa kuwa wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi, yanayoagiza kuosha mara saba kilichoguswa, mara moja ikiwa kwa udongo. Ushauri wangu ni huu: mwambie ofisa mapema na kwa adabu, uweke mzigo chini, kisha urudi nyuma hatua chache. Mbwa wa kunusa mizigo anahitaji harufu ya mzigo, hahitaji kukugusa wewe. Kama kuna chombo cha ibada, msahafu au chakula kisichofungwa, kitaje kabla mbwa hajafika.

Na kwa wote, nayarudia mambo ya kufanya mtakapomwona. Usikimbie na usipige kelele. Simama ulipo, mikono ikiwa chini. Kama unaogopa, sema wazi, “Afande, ninamwogopa mbwa”. Maneno hayo si kosa, na ni bora mara mia kuliko kukimbia. Mama mwenye mtoto mgongoni aombe apishwe pembeni. Mbwa akiketi kimya mbele ya mzigo wako, fahamu kwamba wengi wao hufunzwa kutoa ishara kwa namna hiyo. Ishara hiyo si hukumu. Ni sababu ya ofisa kuufungua mzigo na kuutazama nawe ukiwapo. Mbwa hana mamlaka ya kumtia mtu hatiani, na pua yake haipokei malalamiko. Malalamiko tunayapokea sisi, na penye dharura nambari ya polisi ni 112.

Nasi wenye sare tunalo letu la kutimiza. Tusimpeleke mbwa mbele ya watu ambao hatujawaeleza. Tusimshuku mtu kwa sababu tu ameogopa. Tuyasome macho ya watu kama mbwa anavyosoma harufu ya mizigo, ili tujue nani anaficha kitu na nani anakumbuka kitu.

Nilimwona tena yule mama miezi kadhaa baadaye, katika foleni ileile. Mbwa alikuwapo, na safari hii palikuwa na askari aliyetangulia mbele kuwaeleza watu kwa lugha wanayoielewa. Mama alishusha beseni, akarudi nyuma hatua tatu, akamshika mjukuu mkono. Hakutabasamu, wala hakuwa na sababu ya kutabasamu. Mbwa alipita, mkia ukicheza, akaendelea na mizigo mingine. Mama akajitwika beseni lake na kuvuka, nyanya zote zikiwa nzima.

Nawaomba mkirudi nyumbani, kila mmoja wenu awaeleze watu watano: masikio yaliyolala, mwili uliojaa, mkia kama wa fisi maji, kamba, na askari mwishoni mwa kamba. Muwaeleze pia kwamba anayeogopa ana haki ya kusema kuwa anaogopa.